Dada wa Bili ya Maji

Sogeeni, wajukuu zangu, mkae karibu na magoti yangu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, anayecheka amalize, maana ninayoyasema hayapendi kelele.

Palikuwa na dobi, mwanamke mgeni, aliyeishi chumba kimoja na binti yake miaka kumi na moja bila karatasi yoyote. Alipohamia, mwenye nyumba alimuuliza aandike jina gani kwenye bili ya maji. Mtu asiye na kibali hatoi jina lake hivi hivi. Akabuni jina la mtu asiyekuwepo, na majirani wakalizoea. Mpaka siku moja, yeye yuko uani anaanika mashuka, jirani akapita dirishani akaliita jina lile, na chumbani, pasipo na mtu, sauti ikaitika, "Abee."

Jirani akasema, kumbe leo una mgeni. Dobi akacheka naye, lakini shuka lilikuwa limeshamponyoka likaanguka vumbini.

Mwaka ule ule serikali ikatangaza kwamba waliojificha wajitokeze, waandikishwe, wapewe kibali cha ukaazi. Ushahidi ni bili za miaka kumi. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na bila kibali nafasi ingeota mbawa. Dobi akazitia bili zake zote kwenye mfuko, akapanga foleni toka alfajiri.

Karani akazipekua. "Hili jina ni la nani, mama?"

Angesema ukweli, yangeisha. Lakini aliyejificha miaka kumi na moja, ulimi wake hukimbia kabla ya miguu. Akasema, "La mdogo wangu. Tunaishi wote."

Basi aje aweke kidole kabla ya Ijumaa kuisha, karani akamwambia, kwani kibali ni cha kaya nzima, na siku ya ukaguzi mmoja akikosekana wote mnafutwa.

Dobi akawabembeleza mashoga zake, walau mmoja ajifanye mdogo wake. Wote wakakataa. Ijumaa mchana akaenda kukiri, ila karani hakumpa nafasi.

"Mdogo wako kaja asubuhi. Na nyinyi mmefua, jamani. Kidole chake hakina hata mstari mmoja."

Akarudi na kibali mkononi. Mlango ulikuwa wazi, harufu ya nguo iliyoungua kwa pasi imejaa mpaka barabarani, na kitandani, mchana kweupe, alikaa mtu aliyempa mgongo, amejifunga shuka bichi la mteja, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni na sakafu ni kavu, na kila alipogeuka atoke, dobi akamkuta yule mtu kati yake na mlango, bado kampa mgongo, karibu zaidi kuliko mwanzo, mpaka akaacha kugeuka.

"Dada," ikasema sauti, polepole. "Umeniita miaka mingi, ukaniacha nje."

Akaletwa mganga, bibi mmoja mkali asiyeogopa kitu. Akafukiza ubani, akanusa, akaomba aione ile karatasi ya kibali. Akasomewa majina matatu. Akakimwagia maji chetezo chake mwenyewe.

"Aliyeingia kwa wizi namtoa," akanong'ona. "Huyu umempa jina, ukamwandikisha. Nikimfukuza, wakaguzi wakija utamtoa wapi mwingine?"

Dobi akamtazama binti yake, kasimama kwenye kona na sare mpya ya uuguzi, kaziba pua.

"Mwache," akasema.

Wakaishi watatu. Kila mwaka wakaguzi walihesabu watatu, wakasifu jinsi ndugu wanavyopendana. Binti alifuzu, akapata kazi, akapata na mchumba, lakini kila aliposema anahama aliambiwa ofisini kwamba kaya haigawanyiki, na akirudi alikuta nguo zake zimeshatolewa kwenye sanduku, zimekunjwa vizuri, zina joto.

Dobi akafariki mapema. Jirani alirithi mabeseni. Mwenye nyumba alirithi kabati. Binti alirithi kibali.

Na mama mdogo alimrithi binti.