Maneno ya Nyanya Atabo

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Akeno alishuka kwenye laga akiwa na mtungi wa plastiki kichwani na bakuli mkononi. Laga ni mto wa mchanga ambao hukaa mkavu karibu mwaka mzima. Wasichana wa kijiji cha Lopur walichimba mchanga mpaka maji yakatokeza, wakayachota kidogo kidogo, kisha kila mmoja akajitwika mtungi wake na kupanda ukingo wa pili kwenda shuleni. Maji hayo ndiyo yaliyopikia chakula cha mchana. Aliyekuja mikono mitupu hakufukuzwa, lakini mpishi alimtazama kwa jicho ambalo hakuna mtoto aliyelipenda.

"Umechelewa tena," Sylviane alimnong'oneza Akeno alipojipenyeza kwenye dawati. "Na nguo yote imelowana."

Sylviane alikuwa rafiki yake wa Gredi ya Sita. Wazazi wake walitoka Kongo wakaja kuishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma yeye akiwa mdogo. Walipokutana mara ya kwanza, Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha pekee waliyoweza kuchezea, na tangu hapo Akeno alikizungumza kwa wepesi kuliko watoto wengi wa darasa lake.

"Ngoja tu," Akeno alimjibu. "Leo ule mkutano wa maji unafanyika hapa. Kioski kikijengwa langoni petu, mimi na mtungi tumeachana."

Kisima kirefu kilikuwa kimekwisha kuchimbwa upande wa manyata, wanakoishi watu wa Lopur, ng'ambo ya laga. Kilichobaki ni kujenga kioski kimoja cha maji, ama kwenye manyata ama kwenye lango la shule. Serikali ya kaunti ilitaka wananchi wenyewe waamue. Ndiyo sababu Mwalimu Chepkirui alikuwa amefika kutoka Lodwar. Alifanya kazi na kikundi kinachozunguka vijijini kuwafundisha watu haki na wajibu wao: namna ya kuwauliza viongozi maswali, namna ya kutoa maoni kuhusu mipango ya kaunti, na namna ya kukaa pamoja wakaafikiana bila kugombana.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, Mwalimu Chepkirui alikuwa na shida. Lokiru, mkalimani wake, alikuwa amelazwa Kakuma kwa malaria, na yeye mwenyewe hakujua Kiturkana zaidi ya kusalimia.

"Tuna msichana anayeweza kukusaidia," mwalimu mkuu alimwambia, akamwita Akeno.

Akeno alisimama wima kwa fahari. Mwalimu Chepkirui alimpa mkono kama anavyopewa mtu mzima.

"Kazi yenyewe ni hii," alimwambia. "Wakisema kwa Kiturkana, unaniambia mimi kwa Kiswahili. Nikisema mimi, unawaambia wao. Usiongeze, usipunguze. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu."

Wanaume walibaki uwanjani na Ekwam, mwenyekiti wa kamati ya maji. Akina mama waliingia darasani peke yao, kwa sababu kwenye mkutano wa wote wengi wao hunyamaza. Wale vijana wanaojua Kiswahili walikuwa wamepeleka kuni sokoni Kakuma, kwa hiyo waliokuja walikuwa wazee, shanga zimewajaa shingoni, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuulizana bei tu. Mbele kabisa aliketi Atabo, nyanya yake Akeno, mwanamke mwembamba ambaye wenzake walizoea kumwachia aseme kwanza.

"Ejok," Mwalimu Chepkirui aliwasalimia, nao wakaitikia kwa kicheko cha furaha. Kisha akauliza kupitia kwa Akeno, "Mngependa maji yaje wapi?"

Nyanya Atabo hakufikiri sana. "Yaje manyatani," alisema kwa Kiturkana. "Mvua ikinyesha milimani, laga hujaa hata kama kwetu hakuna wingu. Tunafungiwa upande wetu. Mwaka jana tulikunywa vidimbwi pamoja na mbuzi, na watoto wakaharisha. Mtoto wa jirani yetu Nelly alifikishwa hospitalini akiwa hajiwezi. Kioski kikiwa shuleni, siku hizo tutakiangalia tu kwa macho."

Akina mama wakaguna kukubali. Nyanya akaendelea kusema, lakini Akeno hakuwa akimsikiliza tena. Aliona njia ya laga, mchanga unaotitia miguuni, maji yanayomchuruzikia mgongoni. Aliona kesho na keshokutwa zikiwa vilevile.

Nyanya alipomaliza, Mwalimu Chepkirui aligeuka. "Anasemaje?"

"Anasema... anasema watoto wanateseka kubeba maji. Wanataka kioski kijengwe shuleni."

"Wote wanasema hivyo?"

"Wote, Mwalimu."

Mwalimu Chepkirui aliwatazama akina mama, akatabasamu. Nao wakamrudishia tabasamu, wakiamini kwamba wamesikika.

Wakati wa chai kabla ya mkutano wa wote, Akeno alimkimbilia Sylviane nyuma ya jiko.

"Kinakuja shuleni!" alisema. "Nyanya alitaka manyatani, lakini mimi nimesema shuleni."

Alidhani rafiki yake ataruka kwa furaha. Sylviane aliinamia kikombe chake.

"Mama yangu hajuwe Kiingereza," alisema polepole, kwa Kiswahili cha kwao. "Kila ofisi tunaenda, miye ndo namusemeaka. Nikibadilisha, yeye atajua kupitia nani?"

"Lakini hata wewe unabeba maji," Akeno alisema kwa hasira kidogo. Kengele ikalia.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Wanaume, Ekwam alieleza, walikuwa wameamua kuufuata uamuzi wa akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaochota maji. Kwa hiyo neno la akina mama ndilo lingemaliza kila kitu.

"Nimeambiwa akina mama wamechagua shule," Mwalimu Chepkirui alisema. "Lakini sipendi kuondoka na maneno ya kuambiwa tu. Naomba tuone kwa macho. Anayetaka shuleni asimame mlangoni. Anayetaka manyatani asimame ubaoni."

Ekwam alitafsiri maagizo hayo kwa sauti kubwa. Akina mama wakainuka, wakajifunga shuka zao, na wote wakaenda ubaoni. Mlangoni hakusimama hata mmoja.

Kisha Ekwam akaangua kicheko.

"Mwalimu, umewaona?" alisema. "Saa hii hivi, saa ile vile. Ndiyo maana kazi haziendi!" Wanaume waliokuwa madirishani wakacheka pia.

Nyanya Atabo aliuliza kinachochekesha ni nini. Ekwam akamweleza kwa Kiturkana, "Mama, asubuhi mlisema shuleni. Sasa mko manyatani."

"Mimi sikusema shuleni."

"Ulisema, mama. Umesahau tu. Umri nao umekwenda."

Nyanya Atabo akageuka. Alimtazama mwenzake wa kulia, kisha wa kushoto, lakini mbele ya wanaume hakuna aliyethubutu kumtetea. Mikono yake ilianza kuchezea shanga, na Akeno alimsikia akijisemea chini kwa chini, "Nimesahau? Labda nimesahau kweli."

Akeno hakuwahi kumwona nyanya yake hivyo. Huyu ndiye aliyejua jina la kila mbuzi zizini, na ambaye watu walimfuata kuuliza nani amezaliwa msimu gani. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu akiishuku akili yake mwenyewe, wakati aliyeivuruga alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, amevaa sare ya shule.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtazama. Lakini miguu yake ilikwisha kumpeleka mbele.

"Nyanya hakusahau," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akarudia kwa nguvu zaidi. "Nyanya hakusahau! Tangu asubuhi alisema manyatani. Mimi ndiye niliyesema shuleni. Nilichoka kubeba maji, nikabadilisha maneno yake."

Aliyasema hayo kwa Kiswahili, kisha akageuka na kuyasema kwa Kiturkana, jambo lililokuwa gumu zaidi, kwa sababu sasa ilimbidi amtazame nyanya machoni. Machozi yalimtoka. Wanaume madirishani hawakucheka tena. Ekwam akavua kofia yake, akaishika mkononi asijue la kuifanyia.

Mwalimu Chepkirui hakupandisha sauti. "Umefanya kosa kubwa, Akeno," alisema, "na umelirekebisha mbele ya wale wale uliowakosea. Sasa rudi kazini. Mwombe nyanya aseme tena."

"Mimi? Tena?"

"Wewe. Kila neno."

Nyanya Atabo alimtazama mjukuu wake. Hakumkaripia. Alinyoosha mgongo, akaanza upya: laga inayojaa, vidimbwi, mtoto wa Nelly. Akeno alitafsiri sentensi baada ya sentensi. Kisha nyanya akafika kwenye yale maneno ambayo asubuhi Akeno hakuyasikiliza.

"Na hawa watoto wetu wanaobeba mitungi, wanatuumiza roho," Nyanya alisema. "Tumekubaliana sisi wenyewe. Maji yakifika manyatani, kila nyumba itatoa punda wake kwa zamu. Punda watapeleka maji shuleni kabla ya kengele. Watoto waende na vitabu tu."

Ndipo Akeno alipoelewa. Akina mama walikuwa wamemfikiria tangu mwanzo. Alipowanyima maneno yao, alikuwa amejinyima na yeye.

"Anasemaje?" Mwalimu Chepkirui aliuliza.

Akeno alijifuta uso kwa mkono wa sweta yake, akatafsiri. Darasa zima likapiga makofi, hata wale wa madirishani. Ekwam ndiye aliyekuwa wa kwanza kuahidi punda wake, na kabla ya kuondoka alimwendea Nyanya Atabo na kumwomba radhi.

Wiki chache baadaye, kaunti iliita wananchi Lodwar kujadili mipango ya maji ya mwaka. Kila kijiji kingetoa msemaji. Lopur ikamchagua Nyanya Atabo, naye akasema hatakwenda bila mkalimani wake.

"Nyanya, baada ya yote yale?" Akeno alimuuliza.

"Wewe unajua ubaya wa kunibadilishia maneno," Nyanya alimjibu. "Mwingine bado hajui."

Ukumbi wa Lodwar ulikuwa na viti vya plastiki, feni zilizozunguka kwa uvivu, na maofisa waliochanganya Kiswahili na Kiingereza. Ilipofika zamu ya Lopur, Nyanya alisimama na kuzungumza bila haraka. Ofisa mmoja aliyekuwa mbele alimgeukia Akeno.

"Wasemaji ni wengi," alisema. "Binti, tupe kwa ufupi tu."

Katika hotuba ile kulikuwa na jambo ambalo Akeno mwenyewe angependa kuliruka. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Nyanya amesema maneno mengi, mheshimiwa," alijibu kwa heshima. "Naomba niyaseme yote."

Akasema kuhusu laga, watoto na punda. Kisha akasema lile jambo gumu: "Na anasema sisi wa Lopur tutatoa punda wetu, tutalinda kioski, na hatutakubali mtu akate bomba. Huo ni upande wetu. Upande wenu ni kuja pampu ikiharibika. Msije siku ya sherehe peke yake."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Ofisa naye akacheka, akatikisa kichwa. "Mwambie nyanya nimesikia," alisema. "Na asiponiona, anipigie simu. Nitampa namba yangu."

Mchana walikula chapati na maharagwe kwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Mwalimu Chepkirui alimjazia Akeno chai.

"Watu wengi hudhani uraia ni kupiga kura tu, basi," alisema. "Ni pamoja na hilo ulilofanya leo. Kuhakikisha mwenzako amesikika kama alivyosema, hata kama wewe ungependa aseme vingine. Mkishindwa katika hilo, hakuna mkutano. Kuna watu tu waliokaa chumba kimoja."

Kioski kilijengwa manyatani kabla ya msimu wa mvua. Siku ya kwanza ya maji, punda walivuka laga wakiwa wamebeba mitungi pande mbili, mvulana wa nyumba ya Ekwam akiwachunga kwa kupiga miluzi, na mpishi wa shule akatoka nje kuwapokea kama wageni wa heshima. Laga ilipojaa, shule ilifungwa siku kadhaa kama kawaida, lakini manyatani hakuna aliyeharisha.

Jioni moja ya mvua hizo, Akeno aliketi na nyanya yake mlangoni wakisikiliza mngurumo wa laga.

"Nyanya," alisema, "kama siku ile ningenyamaza, ungefanya nini?"

Nyanya Atabo alifikiri. "Ningekunywa vidimbwi," alisema, "nikidhani ndivyo nilivyoomba."

Akeno aliinamisha kichwa. Nyanya akamshika bega.

"Mtu akisema na asikubaliwe, atavumilia. Kesho atasema tena. Lakini akisemewa asilolisema, amekwisha kutolewa kwenye kikao na hata hajui. Usimfanyie mtu hivyo, mjukuu wangu, awe mkubwa au mdogo, uwe unampenda au humpendi." Kisha akamsukumia bakuli la maziwa. "Kunywa. Kesho Mwalimu Chepkirui anakuja na watu wa kijiji cha Lowarengak kuona kioski chetu, na ni wewe utakayesema."

Akeno akanywa.