Kitambaa Kikavu

Kila nikitoka shule nilipitia chuo cha udaktari, ambako mama alikuwa mhudumu wa chumba cha miwani. Miwani hiyo ilikuwa nzito, inafunika nusu ya uso. Ukiivaa unaona picha ya mwili wa mtu umelazwa mbele yako, na wanafunzi waliupasua bila kumwaga hata tone la damu. Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo vyake kwa kitambaa laini, kikavu, kimoja baada ya kingine. Mama aliniita Chapuchapu, na wala hakuwa ananisifu.

Siku moja wenzangu walinisubiri tukaruke kamba. Nikachukua spiriti ya kufutia meza, nikaipitisha kwenye miwani yote, nikatoka mbio.

Niliporudi mtihani ulikuwa unaendelea. Zamu ilikuwa ya Dada Daktari, mwanafunzi aliyezoea kunisaidia hesabu, niliyempa jina hilo kabla hata hajahitimu. Alikuwa anatoa kibofu cha nyongo. Kwenye skrini ya ukutani mimi na mama tukaona kisu kikikata mshipa wa damu. Mwalimu wake akamwambia ameshindwa, atarudia muhula mzima. Dada akasema aliona ukungu.

"Visingizio havimponyi mgonjwa," mwalimu akajibu.

Nikaikumbuka ile spiriti. Mama alishanionya mara nyingi kwamba spiriti inaharibu vioo. Nikajipa moyo kwamba hakuna aliyeniona. Lakini Dada alipofika mlangoni, macho mekundu, alisimama kuniuliza kama hesabu za jana nilizipata. Niliona aibu.

Nikamwendea mwalimu. "Shikamoo, mwalimu. Dada hana kosa. Mimi ndiye niliyefuta vioo kwa spiriti."

"Chapuchapu, umeniaibisha," mama akasema taratibu, akainamisha kichwa. Hilo liliniuma kuliko kiboko.

Mwalimu aliivaa miwani ile, akauona ukungu, akaivua. Alimwita Dada, akamwomba radhi mbele yetu kwa kumhukumu kabla ya kukagua. Mtihani angeurudia kesho yake, kwa miwani mpya kutoka stoo. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, mgonjwa wa leo ni picha tu. Wa kesho atakuwa na watoto wanaomsubiri nyumbani. Kazi ifanye polepole. Ukikosea, sema mapema. Hapo ndipo nataka uwe Chapuchapu."

Mama alinipa kitambaa kikavu, nikaanza na miwani mpya, kioo kimoja kimoja, bila kuthubutu kuinua macho.