Glavu Chini ya Ubao

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofika kwa Mama Kimya, begi la vifaa begani na njaa tumboni. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mimi hutengeneza mashine ndogondogo: cherehani, printa, pampu za maji, na siku hizi zile mashine za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, ambazo watu hujiundia wenyewe nyumbani. Mama alikuwa amenifuata dukani mchana ule.

"Mashine ya mwanangu inasimama katikati ya kazi," aliniambia. "Nataka ifike mwisho."

Sikuyatilia maanani maneno yake. Kila mwenye mashine mbovu husema hivyo.

Mwanawe huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimya kwa upole wake, alikuwa amefariki kabla ya mvua. Alianza kwa kushindwa kushika penseli. Kisha kijiko. Vidole vya mkono wake wa kulia vilijikunja kimoja baada ya kingine hadi mkono ukawa ngumi, na madaktari hawakuona kitu. Ugonjwa ukapanda begani, ukashuka kifuani. Alizikwa na ngumi yake. Karakana akaachiwa mdogo wake, Shangwe, mtu wa vicheko na maneno mengi, ambaye mbao alizijua kwa kuziuza tu.

Shangwe ndiye aliyenifungulia mlango.

"Karibu, fundi. Fanya yote unayoyajua. Ila ule ubao wa chini usiufungue. Kaka aliusawazisha mwenyewe, ukiugusa hautakaa sawa tena."

Akacheka, akarudi sebuleni kwa wageni wake waliokuja kuagiza milango. Mama akanipeleka chumba cha nyuma.

Chumba kilinuka vumbi la mbao na mafuta ya mashine. Na chini ya harufu hizo kulikuwa na nyingine, ya uvundo, kama nguo iliyokunjwa ikiwa imelowa ikasahauliwa kabatini. Mashine ilikaa katikati, pana kama kitanda, reli zake zimepanguswa zikang'aa.

"Nani anaifuta?" niliuliza.

"Mimi."

Niliiwasha. Daraja linalobeba ncha ya kukatia likateleza juu ya reli bila shida. Likaenda kushoto, likarudi. Lilipokaribia pembe ya kulia likatetemeka... likasimama. Nikarudia. Pale pale. Nikakagua mkanda, ulikuwa umekaza. Skrubu zote zilikuwa zimeshika. Nikachomoa nyaya za mota ya kulia nikaiunga kwenye nyaya za kushoto, nayo ikazunguka vizuri tu. Mota ilikuwa nzima.

"Ni waya," nilimwambia Mama. "Umekatika ndani ya plastiki yake. Kwa nje unauona mzima, lakini ukivutwa unaachana. Na unapita chini ya ule ubao."

Mama aliusukuma mlango hadi komeo likaingia.

"Ufungue."

"Mama, Shangwe kasema..."

"Shangwe nimemzaa mimi."

Ubao ule wa chini ndio unaokubali kukwaruzwa ili meza ya mashine isiumie. Mimi huuita ubao wa kafara. Nilizifungua skrubu zake, nikauinua upande mmoja kwa bisibisi. Harufu ile ya uvundo ikanipiga usoni.

Waya ulikuwepo. Kando yake kulikuwa na glavu.

Ilikuwa glavu ya kazi, ya ngozi, ya mkono wa kulia. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa kwa ndani na kushonwa kwenye kiganja kwa uzi mweusi, kimoja kimoja, hata kidole gumba. Glavu iliyofanywa ngumi.

Mama hakushtuka. Aliichukua kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Glavu ya mwanangu. Nilijua ipo," alinong'ona. "Sikujua ipo wapi. Juma lile mwanangu alipoanza kuugua, nilimwona Shangwe akitoka humu na sindano imechomekwa kwenye kola ya shati. Shangwe hajawahi kushona hata kifungo."

Nilitaka kukusanya vifaa vyangu niondoke.

"Unga waya, mwanangu."

Nikaunga. Nilijiambia ni kazi kama kazi nyingine. Nilimenya plastiki, nikasokota nyuzi za shaba, nikazichomea kwa risasi ya kuungia nyaya, nikafunika. Nikaurudisha ubao. Mama akaiweka glavu juu yake, akaibana kwa vibano vya mbao, kwa uangalifu, kama aliyewahi kumwona mwanawe akifanya hivyo mara nyingi.

Mashine nilikuwa nimeizima, na kompyuta pia. Sikuwa nimeweka mchoro wowote.

Mashine ikawaka yenyewe.

Ncha ikaanza kuzunguka kwa mlio mwembamba. Daraja likaenda hadi pembe ya kulia, likaigusa, likarudi juu ya glavu. Ncha ikashuka polepole... polepole... ikagusa uzi wa kidole cha mwisho.

Tss.

Uzi ukakatika. Ngozi haikupata hata mkwaruzo. Kidole cha glavu kikajinyoosha taratibu, kama cha mtu anayeamka usingizini.

Sebuleni, kicheko cha Shangwe kikakatika katikati.

Tss.

Kikombe kikaanguka huko, kikavunjika. Nikasikia wageni wakiuliza kuna nini, viti vikiburutwa, kisha miguu ikikimbia kuja kwetu.

Tss.

"Mama." Shangwe alikuwa nyuma ya mlango. "Mama, fungua. Mkono wangu."

Nilibonyeza kile kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Ncha iliendelea kuzunguka. Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikabaki nao mkononi. Ncha iliendelea kuzunguka.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Kimya, mikono mapajani.

"Niliwanyonyesha titi moja," alisema, sijui kama alisema nami au na mlango. "Mmoja akamfunga mwenzake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi ninao wa wawili. Nifanyeje?"

"Sikutaka afe," Shangwe alisema nje, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. "Nilitaka asichonge tu. Watu waje hapa waniulizie na mimi. Niliambiwa ni vidole tu, Mama. Vidole tu."

Tss.

Akalia. Hakupiga kelele, alilia kama mtu anayejibana ili asisikike.

Kidole gumba pekee ndicho kilichobaki. Nitasema kweli: sehemu moja ya moyo wangu ilitaka kiishe. Nilikuwa nimemwona Kimya akilishwa uji na mama yake. Lakini ncha ilipoanza kushuka mara ya mwisho, mkono wangu ulikuwa umeshashika koleo. Niliupata waya nilioutengeneza mwenyewe, pale unapotokeza ukingoni mwa ubao, nikaukata.

Mashine ikanyamaza. Ncha ilibaki imening'inia juu ya uzi, kwa umbali wa unene wa ukucha.

Mama aliniangalia kwa muda mrefu. Hakunilaumu. Alifungua komeo, akampita Shangwe aliyepiga magoti, ngumi yake imebanwa kifuani, kidole gumba tu kikitokeza. Akaenda jikoni. Nikasikia akiwasha jiko.

Niliwaacha hivyo. Siku nyingi zikapita sijakanyaga mtaa ule.

Juzi jioni mlango wa duka langu ulisukumwa kwa bega. Alikuwa Shangwe. Alikuwa amekonda. Ngumi ameificha ndani ya mkono wa shati.

"Fundi," alisema. "Bado inajitingisha. Jua likizama tunaisikia. Inafika pale ulipoikatia, inatetemeka, inarudi."

"Ichome moto."

"Nilibeba mafuta ya taa. Mama alisimama mlangoni." "Ananilisha, ananifulia nguo, ananifunga vifungo. Lakini tangu siku ile hajanitamkia neno. Hata jina langu. Anaweka kijiko mdomoni mwangu, anaangalia ukuta."

"Sasa umekuja kutaka nini?"

"Uje uunge waya."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kwamba kaka yake hakuishia kwenye kidole gumba, kwamba baada ya hapo ugonjwa ulipanda.

"Najua ulikopanda. Nilikuwepo." Alitazama chini, kwenye vumbi la sakafu yangu. "Pengine ikimaliza atanisemesha. Hata kama ni siku moja."

Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema hana haraka, akatoka, akakaa kwenye ngazi ya duka, mgongo kwangu. Nilifunga kwa kupitia mlango wa nyuma.

Jana alikuja tena. Leo pia yupo pale nje, na nyuma yake, ng'ambo ya barabara, mama yake amesimama na bakuli limefunikwa. Hamwangalii yeye. Ananiangalia mimi.