Jibu Kutoka Kitanda cha Pili

Enyi mliohudhuria, wakubwa kwa wadogo, nawaamkia kila mtu kwa cheo chake, na aliyeketi kando ya kiti kitupu namwomba asikiegemee. Hadithi yangu ina machozi mengi kuliko vishindo, ipokeeni taratibu.

Palikuwa na dada wawili waliolala chumba kimoja. Mkubwa alikuwa fundi cherehani. Mdogo, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, alikuwa mgonjwa wa kifua na mcheshi wa kupindukia. Walipendana kama ulimi na mate, na raha yao kuu ilikuwa riwaya moja: vijana wamefungiwa ndani ya jumba, wanashindania mafumbo, na anayeshindwa haonekani tena. Fundi alisoma kwa sauti. Kila fumbo lilipofika alifunga kitabu juu ya kidole chake, na ukurasa haukufunuliwa mpaka Kitinda ajibu. Kitinda hakupata hata moja, kwa kuwa kila fumbo alijibu, "Kivuli."

"Kivuli kinafunguaje kasha la chuma, wewe?"

"Kinapenya, dada. Funua tuone."

Kifua kilimchukua kabla ya fumbo la mwisho. Fundi alitia kipande cha kitambaa pale walipoishia, akakilaza kitabu juu ya mto wa marehemu.

Kitambaa kile kikaanza kulowa. Kila asubuhi alikikuta kibichi, kana kwamba kimetoka kinywani mwa mtu. Ikafuata harufu ya dawa ya kuchua kifua, ilhali chupa ilikwisha kutupwa. Fundi mwenyewe akaanza kukohoa. Na alasiri moja ya mvua, akiwa anapiga pindo, alipoinua mguu kutoka kwenye cherehani ili akate uzi, alisikia kitanda cha pili kikilalamika kama kinavyolalamika mtu anapojigeuza juu yake, kisha sauti nyembamba, yenye mkwaruzo ule ule alioulea kwa miaka, ikimwambia polepole, "Dada, nisomee."

Mama yao akamleta mganga, mwanamke mkavu wa maneno. Mganga akamnong'oneza Fundi ukumbini.

"Mwanangu, aliyekwenda haketi kitandani akadai hadithi. Huyo ni jini. Ameona nafasi umeiacha wazi, akaikalia, naye atakula kifua chako kama unavyokula wewe simanzi. Soma mpaka mwisho, ufunge kitabu, atatoka."

"Nikimaliza sitaisikia tena sauti yake."

"Hiyo ndiyo dawa, na dawa ni chungu. Ila usimpe jini chochote cha mdogo wako, hata utani. Ukimwonyesha mwizi kabati, usilale."

Wakaingia. Fundi akafungua kitabu, akasoma fumbo la mwisho: "Ukimtafuta hukimbia, ukimsahau, amekwisha kufika." Akakifunga juu ya kidole kwa mazoea, akangoja, na katika kungoja kule harufu ya dawa ikapanda mpaka macho yakamwasha, na shuka ya kitanda cha pili, ambayo hakuna aliyeigusa, ikavimba taratibu kuanzia miguuni, ikafika kifuani, ikaanza kupanda na kushuka.

"Usingizi," ikasema sauti, bila kusita.

Lilikuwa jibu sahihi. Fundi akahisi kitu kikikatika ndani yake.

"Wewe si yeye," akasema kwa machozi. "Kitinda angesema kivuli."

Mganga alimziba mdomo, lakini neno likitoka halirudi. Fundi akafunua, akasoma mpaka mwisho, akakifunga kitabu. Shuka ikalala bapa. Harufu ikatoka dirishani, na kikohozi kikamwacha. Mganga akaondoka bila kumwangalia mtu usoni.

Akapona, basi, na kupona kule kukawa upweke wa pili. Alishona, alikula alichopewa, akatazama mto. Hata alasiri nyingine ya mvua akaketi kando ya kitanda kile, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma fumbo la kwanza, akafunga kitabu juu ya kidole chake.

Akangoja.

"Kivuli," ikasema sauti, na ikacheka.

Fundi alijua si yeye. Alijua alipoisomea, na alijua alipofunua ukurasa.

Haya nilihadithiwa kwanza na mama yao, ambaye alasiri ile alisimama mlangoni akiwasikia wanawe wawili wakicheka, kisha wakikohoa, wote wawili.