Sabuni Kwenye Kifuniko cha Pampu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Kathini alimsaidia baba yake kwenye bwawa la kuogelea la nyumba moja ya wageni nje kidogo ya Mutomo. Baba, Mzee Mwangangi, aliopoa majani kwa wavu. Kathini alifungua kifuniko cha pampu, akatoa kikapu kinachonasa takataka, akakikung'uta na kukirudisha. Kazi ilikuwa ileile jana, leo na kesho, na hakuna aliyewahi kuwaambia ahsante.

Jumatatu moja kifuniko kilimponyoka, kikaanguka kwenye saruji na kupata ufa mwembamba. Kathini aliangaza macho huku na huku. Kwao, mtungi ukivuja husuguliwa kipande cha sabuni, ufa ukaziba, na maji yakafika nyumbani salama. Basi naye akausugua ule ufa kwa sabuni, akafunga, akakimbilia shuleni.

Kufikia jioni pampu ilikuwa ikikohoa kama mbuzi mgonjwa. Pale maji yanaporudi bwawani palitoka mapovu tu. Maji yasipozunguka hayachujwi, na yasipochujwa huharibika. Hayakukawia kugeuka kijani.

Madam Yvonne, meneja, alikuja akashika kiuno. "Mzee Mwangangi, Jumapili kanisa linaleta watu wa kubatizwa. Mto umebaki mchanga, ndiyo maana wakatuomba bwawa. Sasa pasta atawazamisha kwa hii supu ya sukuma wiki?"

"Ni hewa, madam. Kuna mahali inaingia. Nitapapata."

"Upapate haraka. La sivyo nitatafuta mtu mwingine wa kazi hii."

Baba alimgeukia Kathini. "Kile kifuniko kiko sawa?"

"Kiko sawa, Baba."

"Basi tatizo liko chini, kwenye bomba la kuvuta maji."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Kathini ilikuwa na urefu wa mtaro mzima. Ukambani bomba la kawaida likipasuka hujitangaza lenyewe: udongo hulowa, majani huota, mbuzi hufika kabla ya fundi. Bomba la kuvuta maji halina huruma hiyo. Penye tundu maji hayatoki, bali hewa ndiyo huingia, na juu ardhi hubaki kavu. Kwa hiyo Baba alichimba bila dalili ya kumwongoza, akifukua kiungo hiki, akikikaza, akienda kwa kingine. Udongo wa Mutomo wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali. Usiku alilala na nguo za kazi.

Ijumaa baada ya shule, Kathini alimkuta ameketi ukingoni mwa mtaro. Chai yake ilikuwa imepoa. Alijaribu kuinua kikombe, vidole vikakataa kukishika. Viganja vilikuwa vimechubuka vyote. Kathini alihisi vibaya mno, hata machozi yakamtoka.

"Baba, acha kuchimba. Niliangusha kifuniko. Nilikipaka sabuni."

Mzee Mwangangi aliinuka polepole, akachota maji kwa kopo na kuyamwaga juu ya kifuniko. Pampu iliyafyonza kupitia ule ufa na kikohozi kikatulia papo hapo. Maji yalipokwisha, ikaanza tena.

"Sabuni huzuia maji ya mtungi," alisema kwa sauti ya uchovu. "Pampu inavuta. Iliimeza sabuni yako siku ileile."

Stoo kulikuwa na pampu iliyoharibika zamani, na kifuniko chake kilikuwa kizima. Baba alikifuta mchanga, akakifunga. Mapovu yakaisha. Pampu ilichuja usiku kucha, na Jumamosi jioni sakafu ya bwawa ikaonekana. Madam Yvonne alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Kilichobaki kilikuwa kufukia mtaro.

"Utanichapa?" Kathini aliuliza.

"Kwa mikono gani hii?" Baba alitabasamu kidogo, kisha uso ukatulia. "Vitu huvunjika, mwanangu. Ungeniambia Jumatatu, ningegomba, na hasira ingeisha kabla chai haijachemka. Lakini nilikuuliza, ukasema kiko sawa. Nilichimba huu mtaro wote kwa sababu nilikuamini. Uongo haumchoshi anayeusema. Humchosha anayeuamini."

Kathini alichukua jembe mikononi mwa baba yake, akaanza kufukia.