Na Yule wa Zamani

Sakafu ya chumba cha majalada ilikuwa imelowa tena. Sajini alisimama mlangoni, funguo mkononi, akatazama dari. Kavu. Akatazama dirisha. Limefungwa, na nje jua la utosi. Maji yalikuwa mbele ya rafu ya vitabu vya kale tu, madimbwi mawili madogo yaliyolingana, kama nyayo za mtu aliyesimama pale kwa muda mrefu akisoma migongo ya vitabu. Aliinama, akachovya kidole, akakigusisha ulimini. Chumvi.

Mwanamke huyu alikuwa ametunza majalada ya divisheni ile ya polisi kwa miaka thelathini na moja. Wenzake walimwita Mama Safu, kwa kuwa hakuna fomu iliyopita mikononi mwake ikabaki na safu tupu. "Hata cheti chake cha kifo atakijaza mwenyewe," walimtania. Ndiyo maana mkuu wa divisheni alipotaka historia ya miaka tisini iandikwe, hakuhangaika kutafuta mwingine.

Na historia ilikuwa inakwenda vizuri. Divisheni ilianza na chumba kimoja cha mabati karibu na forodha, askari sita na taa mbili za chemli. Ikahama mara mbili jiji lilipotanuka, na kila ilipohama vitabu vilibebwa kwanza, samani baadaye. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Sajini hakujua aliandike vipi. Kila asubuhi, askari wa kaunta walipokabidhiana zamu, walihesabu mahabusu kisha wakaongeza mmoja. "Wanne, na yule wa zamani. Watano." Wakaandika watano. Kila mtu aliuona ni utani wa kurithi, na yeye mwenyewe alikuwa ameucheka miaka nenda miaka rudi.

Mdogo wake wa kiume hakuucheka. Alikuwa koplo, amehamishiwa kaunta siku ya Jumatatu, mtu wa utaratibu kama dada yake.

"Mimi utani wa kitabuni siutaki, dada. Nimekuta vichwa vinne, nimeandika vinne. Ile tano nimeikata kwa wino mwekundu."

Jumatano akaanza kukohoa. Alhamisi alimwita dada yake nyuma ya kaunta, akakunjua leso. Ndani mlikuwa na maji na punje za mchanga.

"Hospitali wanasemaje?"

"Wanasema mapafu yana maji. Wananiuliza nilizama wapi." Alijaribu kucheka. "Mimi ambaye hata kuogelea sijui."

"Irudishe ile tano."

"Nimesharudisha. Haisaidii." Akashusha sauti hadi ikawa pumzi. "Dada, nikifumba macho kuna mtu ananihesabu. Anasema *mmoja*. Halafu ananyamaza, anangoja."

Sajini alirudi majaladani akajifungia. Alifunua kitabu baada ya kitabu, na kadiri alivyorudi nyuma ndivyo harufu ya mwani ilivyozidi kupanda kutoka kwenye karatasi, naye akaona, katika miaka tisini, askari watatu waliokata ile hesabu, mmoja enzi za chemli, mmoja ilipokuja simu, mmoja mwaka ule ule alioajiriwa yeye, na kila mmoja siku ya saba alikutwa kitandani kwake, shuka kavu, godoro kavu, mapafu yamejaa maji ya bahari. Ndipo akafika kwenye kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza. *Mtu mume. Amekutwa ufukweni saa saba mchana. Amelowa, ilhali maji yamekupwa. Hakutaja jina. Kosa: kuzurura.* Wengine wote wa mwaka ule walikuwa na tarehe ya kuachiwa. Yeye hakuwa nayo.

Nyuma yake, kitu kilidondoka sakafuni. Tone. Kisha tone. Hakugeuka.

Jumamosi alimleta mganga, bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Humu niliwahi kuingizwa bila kupenda," bibi alisema langoni. "Leo nimekuja kwa miguu yangu. Mtanitoa lakini?"

Alipofika mbele ya chumba cha mwisho cha mahabusu, ambacho sasa kilikuwa stoo ya baiskeli mbovu, mzaha ukamwisha. Alinusa, akarudi hatua mbili.

"Hawa wenzenu walimkamata jini, mwanangu, na hawakujua. Hakufungwa kwa chuma huyu, amefungwa kwa maandishi. Mwandikie kwamba ameachiwa, ufunge kitabu. Neno moja. La pili usiandike."

Ilikuwa saa saba mchana. Sajini alikiweka kitabu juu ya goti, na alipogusa karatasi kwa kalamu ukimya ukajaa ukumbini kama maji yanavyojaa ndooni, baiskeli zikaanza kusogea zenyewe kwa ndani, taratibu, kama zinazompisha mtu, harufu ya mwani ikapanda, na kupitia nondo akahisi pumzi baridi ikimshukia shingoni, pumzi ya mtu aliyeinama kusoma kile anachoandikiwa, naye akaandika, *Ameachiwa*, na pembeni yake palikuwa na safu nyingine, tupu, *Amekabidhiwa kwa*, na mkono wa miaka thelathini na moja hauulizi, ukaenda wenyewe, ukaandika cheo chake, mtaa wake, namba ya nyumba yake, ukaweka sahihi.

Akafunga kitabu. Pumzi ikaondoka.

"Neno moja tu?" mganga aliuliza.

"Kama ulivyosema," Sajini alijibu, naye aliamini anasema kweli.

Kabla ya alasiri simu ililia. Mdogo wake. Sauti yake ilikuwa kavu, safi. "Dada, nina njaa! Nimekwisha pona!" Sajini alilia kwa furaha njia nzima hadi nyumbani.

Mumewe, fundi cherehani mstaafu ambaye hakujua kumfukuza mtu, alimfungulia mlango kabla hajabisha.

"Mgeni wako amefika," alisema. "Kalowa chapachapa, nimempa taulo. Hataki kusema jina. Anasema tu amekabidhiwa kwako."

Sajini alitazama ukumbini. Kiti kilikuwa kitupu. Taulo lilikuwa juu yake, linachuruzika.

"Ala! Alikuwa hapa sasa hivi," mume akanong'ona, na uso ukaanza kumbadilika. Meza ilikwisha andaliwa. Alinyoosha mkono. "Basi nipunguze sahani moja?"

Sajini alimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu zake zote.

"Usipunguze," alisema. "Tuko watatu."