Viganja Juu ya Mimbari

Maiti ya fundi Mutie ililala chali kwenye vumbi la mbao la karakana yake, kichwa kimepasuka juu ya sikio. Nyundo ya mti ilikuwa kando yake. Hatua chache kutoka hapo ilisimama mimbari mpya ya kanisa la Nunguni, imepakwa polishi mpaka inametameta. Juu yake, alama za viganja viwili zilikuwa zimezama kwenye polishi, kimoja kando ya kingine.

"Hivyo ni vyangu, afande," Mzee Mbaluka alisema kabla hajaulizwa. Ndiye mzee wa kanisa aliyetoa mbao za mimbari, na ndiye aliyepiga simu polisi asubuhi hiyo. "Nilipomkuta amekufa niliweka mikono hapo, nikaomba. Polishi ilikuwa haijakauka."

"Unamshuku nani?" Inspekta Mbithe aliuliza.

"Kavindu, mjane wa ndugu yangu. Jana jioni alikuwa hapa akimtukana fundi. Soko zima lilisikia."

Soko lilikuwa limesikia kweli. Kavindu akatiwa seli.

"Mwaitu, mligombania nini?" Mbithe alimuuliza, kwa heshima ya mwana kwa mama.

"Mti wangu wa mukau. Ulikatwa shambani nikiwa kwa binti yangu Kitui. Jana nikaukuta umekuwa mimbari. Mume wangu alipigilia misumari ya kutundikia mzinga, na mashimo yake bado yapo. Nikamwita Mutie mwizi. Akaapa hakujua, akasema Jumapili ataliambia kanisa mti ulikotoka. Nikaenda nyumbani."

"Nani alikuona nyumbani?"

"Mbuzi." Kavindu alitazama ukuta. "Nikikaa humu, nikitoka nitakuta shemeji ameshalizungushia shamba langu ua."

Mbithe alirudi karakana na Konstebo Mwau. Kwenye rafu palikuwa na chupa ya magamba ya kahawia.

"Hii ni nini, madam? Kashata iliyovunjika?"

"Lakiri. Ile ile tunayofungia vielelezo, ila hii ni safi. Wadudu wadogo wa India hunyonya utomvu wa miti, kisha wanaitoa hii matawini. Fundi huiyeyusha kwa spiriti, anapaka. Hata vidonge na peremende hung'arishwa nayo."

"Kumbe nimelamba wadudu tangu nasari."

Mbithe hakucheka. Alikuwa anatazama viganja.

Akaagiza Mbaluka aletwe. Mbele yake alipaka ubao kwa polishi ile ile, kisha akaomba chai.

Chai ilikuwa bado moto alipoweka kikombe chini. "Mzee, weka kiganja hapa. Bonyeza."

Mbaluka alibonyeza. Alipoinua mkono, ubao haukuwa na alama.

"Ulidhani ni vanishi ya kopo, inayolala usiku kucha ikiwa mbichi," Mbithe alisema. "Daktari anasema Mutie alikufa jana jioni. Asubuhi mimbari ilikuwa kavu kama kioo. Ulishika lini?"

"Labda nilipita jana, akiwa hai."

"Akiwa hai angeacha viganja vyako juu ya kazi yake? Alikuwa na brashi mkononi; angevifuta mara moja."

Mbaluka aliketi juu ya gogo.

"Nilikuwa nimeshawaambia washirika ule mti ni wangu," alisema. "Walisimama wakanipigia makofi. Mutie akasema Jumapili atawaambia ukweli. Nilimsihi, mimi mzee mzima. Akaendelea kupaka, hata hakugeuka kunitazama. Nyundo ilikuwa karibu."

"Na mikono?"

"Nilitaka kuomba msamaha. Mimi huomba nikiwa nimeweka mikono juu ya kitu. Sikuona pengine pa kuiweka."

Mwau alimfunga pingu.

Jioni hiyo Kavindu aliachiliwa. Alipitia karakana, akakuta Mbithe anadondosha lakiri nyekundu kwenye kamba iliyozungushiwa mimbari. Alitafuta yale mashimo ya misumari kwa kidole, akayapata.

"Kesi ikiisha nirudishiwe mti wangu."

"Utarudishiwa, Mwaitu. Lakini vile viganja?"

"Nitavipiga randa," alisema Kavindu, akashika njia ya shambani.